Mchele Si Mmoja: Wali wa Kunata katika Mapishi ya Asia na Suala la Kuuita kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya wali wa kunata katika mapishi ya Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki. Yanaeleza kwanza sifa za mchele wenyewe, kisha namna unavyopikwa, unavyoliwa na unavyotumiwa katika sikukuu. Baada ya hapo yanageukia lugha, na kuuliza mchele huu uitweje kwa Kiswahili. Yanahitimisha kwamba istilahi "mchele wa kunata" inafaa zaidi kuliko tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza, na kwamba uteuzi huo una athari kwa afya ya mlaji pamoja na ufasaha wa mfasiri.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Methali hii hutumiwa kumkumbusha msikilizaji kuwa malighafi moja huweza kutoa matokeo tofauti kutegemea mkono wa mpishi. Hekima yake haina shaka. Hata hivyo, mpishi wa Laos au Japani angeipokea kwa mshangao kidogo, kwa kuwa kwake michele ni miwili, na hakuna ustadi wa jikoni unaoweza kuugeuza mmoja ukawa mwingine.

Katika mapishi ya pwani ya Afrika Mashariki, wali mzuri ni ule unaochambuka. Punje husimama moja moja, iwe ni wali wa nazi, pilau au biriani. Wali ulioshikana huhesabiwa kuwa umeharibika, ama kwa maji kuzidi ama kwa mpishi kuukoroga pasipo haja. Ni kweli kwamba yapo mashendea, wali laini wa majimaji apewao mgonjwa, mtoto au mzee, lakini hayo hupikwa kwa mchele ule ule wa kawaida. Kwa hiyo, kunata kwa wali katika fikra ya Mswahili ni jambo linalotokana na upishi.

Kwa mamilioni ya watu wa Asia, kunata ni sifa ya mbegu. Mkulima huipanda akijua atavuna nini, mwenye duka huuza mchele wake katika gunia la peke yake, na lugha huupa jina lake. Mlahaka huu kati ya mbegu, chungu na neno ndio msingi wa mjadala unaofuata.

2.0 Mchele wa Kunata ni Upi?

Mchele wa kunata ni aina ya mpunga wa Asia, yaani Oryza sativa. Haukutokana na mmea mwingine. Tofauti yake imo katika wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili: amilosi, ambayo molekuli zake ni kama nyuzi ndefu zilizonyooka, na amilopektini, ambayo molekuli zake zina matawi mengi mithili ya kichaka. Katika mchele wa kawaida, amilosi huwa takriban asilimia 10 hadi 30 ya wanga wote. Katika mchele wa kunata, amilosi haipo kabisa au haifiki asilimia 2. Karibu wanga wote ni amilopektini.

Amilosi ndiyo inayoufanya wali uchambuke na kuwa mgumu unapopoa. Inapokosekana, punje hulainika, hushikana na huchelewa kukauka. Hii ndiyo sababu wali wa kunata umekuwa chakula cha msafiri na cha mkulima aendaye shambani alfajiri: ukifunikwa vyema, bado hulika vizuri saa nyingi baada ya kuepuliwa.

Chanzo cha hali hii ni badiliko katika jeni moja inayosimamia utengenezaji wa amilosi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, Kenneth Olsen na Michael Purugganan walichunguza jeni hiyo na kuonyesha kwamba huenda badiliko hilo lilitokea mara moja tu, yumkini Asia ya Kusini Mashariki, kisha likaenea kwa sababu wakulima waliipenda mbegu hiyo na kuihifadhi. Kwa maneno mengine, ni ladha ya watu iliyoinusuru sifa ambayo kwa mmea wenyewe haina faida ya wazi.

Kuna njia mbili nyepesi za kuutambua mchele huu. Ya kwanza ni macho: punje mbichi ya mchele wa kawaida hupenyeza mwanga kidogo, ilhali punje ya mchele wa kunata ni nyeupe pepe kama chaki. Ukiiva mambo hugeuka, wa kunata ukang'aa na wa kawaida ukawa mweupe. Ya pili ni iodini, ambayo wanafunzi wa sayansi huijua tangu shule ya msingi. Wanga wa kawaida ukidondoshewa iodini hugeuka buluu nzito iliyokaribia weusi, lakini wanga wa mchele wa kunata huwa na rangi nyekundu ya udongo.

Ni muhimu kuondoa dhana mbili potovu mapema. Kwanza, mchele wa sushi si mchele wa kunata. Mchele wa kawaida wa Japani una amilosi kidogo kuliko basmati au pishori ya Mwea, na kwa hiyo hushikana kiasi, lakini Wajapani wenyewe huuita uruchimai na kuutenga na mochigome, ambao ndio wa kunata. Pili, mchele wa kunata hauna gluteni, ile protini ya ngano inayowadhuru wagonjwa wa siliaki. Suala hili litarejelewa katika sehemu ya sita.

3.0 Namna Unavyopikwa

Mpishi wa Afrika Mashariki akiupika mchele huu kama anavyopika wali wake, kwa kuutia katika maji yanayochemka na kisha kuupalia makaa juu ya kifuniko, atapata uji mzito. Upishi wake una hatua tofauti.

Hatua ya kwanza ni kuloweka. Mchele huoshwa, kisha hulowekwa katika maji baridi kwa saa kadhaa, na mara nyingi usiku kucha. Punje hunywa maji zinayohitaji kabla ya kuona moto. Hatua ya pili ni kuchuja. Hatua ya tatu ni kupika kwa mvuke. Nchini Laos, mchele uliochujwa hutiwa katika kapu la mianzi lenye umbo la pia, likawekwa juu ya mdomo wa chungu chembamba chenye maji yanayochemka. Mchele haugusi maji. Hupitiwa na mvuke tu. Baada ya muda bonge zima hupinduliwa ili upande wa juu nao uive. Kwa jumla kazi ya mvuke huchukua kama nusu saa.

Hatua ya nne husahauliwa na wengi wanaojifunza upishi huu vitabuni. Wali ukiisha kuiva humwagwa juu ya ubao au sinia na kutandazwa kidogo kwa mwiko ili mvuke uliozidi utoke. Bila kufanya hivyo, maji huganda juu ya punje na kuufanya ute. Kisha hukusanywa na kutiwa katika kikapu chenye kifuniko. Kikapu hiki hupumua: huhifadhi joto na wakati huo huo huruhusu unyevu kutoka. Ndicho kinachowekwa mbele ya walaji.

Njia nyingine ni kuupika ndani ya kitu kinachoupa umbo na harufu. Malaysia na Indonesia hupika lemang kwa kutia mchele wa kunata na tui la nazi ndani ya pingili ya mwanzi iliyotandikwa jani la mgomba, kisha pingili hiyo husimamishwa kando ya moto na kugeuzwa geuzwa. Katika Laos na Uthai, mwanzi huo hutiwa pia maharagwe na sukari, na chakula huitwa khao lam. Ufilipino una suman, mchele uliopikwa na tui na kufungwa katika jani. Msomaji wa pwani atatambua mara moja viungo hivi: nazi, mgomba na mchele. Kilichobadilika ni aina ya mchele tu, na matokeo yake ni chakula kingine kabisa.

4.0 Chakula cha Kila Siku: Laos na Isan

Katika nchi nyingi za Asia, wali wa kunata ni wa sikukuu na vitafunio, huku wali wa kawaida ukibaki kuwa mlo wa kila siku. Laos, pamoja na eneo la Isan lililo kaskazini mashariki mwa Uthai, ni tofauti. Huko wali wa kunata ndio mlo wenyewe, asubuhi, mchana na jioni. Walao hujitambulisha kuwa ni "watoto wa wali wa kunata", na kauli hiyo hubeba uzito wa utambulisho wa taifa.

Uzito huo umethibitishwa shambani. Kati ya mwaka 1995 na 2000, wataalamu wa Laos wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga walikusanya sampuli zaidi ya 13,000 za mbegu za kienyeji nchini humo. Zaidi ya nne kwa tano zilikuwa za mpunga wa kunata. Hakuna sababu ya kilimo peke yake inayoweza kueleza wingi huo. Wakulima walizitunza mbegu hizo kizazi baada ya kizazi kwa sababu ndizo walizotaka kula.

Namna ya kula inastahili kuangaliwa kwa makini. Mlaji humega tonge kwa vidole vya mkono wa kulia, hulifinyanga likawa dogo na imara, kisha hulichovya katika kitoweo cha pilipili au hulitumia kushikia kipande cha nyama au samaki. Huliwa pamoja na laap, yaani nyama iliyokatwakatwa na kuchanganywa na majani, ndimu na unga wa mchele uliokaangwa, au pamoja na kachumbari ya papai bichi lililopondwa kinuni. Kijiko na vijiti havina kazi kubwa hapa. Tonge ndilo kijiko, na kijiko chenyewe huliwa.

Kwa Mkenya, hii ni picha ya ugali. Kumega, kufinyanga na kuchovya ni ufundi anaoujua tangu utotoni. Kwa hiyo, kimatumizi, wali wa kunata wa Laos unakaribiana zaidi na ugali kuliko na wali. Mfasiri anayesimulia chakula cha familia ya Kilao na kuandika tu kwamba "walikula wali" amemwonyesha msomaji sinia na kijiko, ilhali pale palikuwa na vidole, tonge na kikapu.

5.0 Sikukuu, Imani na Mchezo wa Maneno

Nje ya Laos na Isan, mchele huu hung'aa zaidi siku za furaha. Jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba thamani yake mara nyingi hutokana na jinasi, yaani mchezo wa maneno yanayolingana kwa sauti.

Nchini China, mwaka mpya huadhimishwa kwa keki ya mchele wa kunata iitwayo nian gao. Neno la "kunata" hutamkwa sawa na neno la "mwaka", na neno la "keki" hutamkwa sawa na neno la "juu". Anayekula keki hiyo hujitakia mwaka wa kupanda juu kuliko uliopita. Siku ya 15 ya mwezi wa kwanza huliwa tangyuan, vidonge vya mviringo vya unga wa mchele huo, ambavyo jina lake linakaribiana na neno la kukutana kwa jamaa. Mwezi wa tano, siku ya tano, huliwa zongzi, mchele uliofungwa katika majani. Mapokeo huihusisha siku hiyo na Qu Yuan, mshairi wa dola ya Chu aliyejitosa mtoni katika karne ya 3 KK. Inasimuliwa kwamba watu walitupa mchele majini ili samaki wasiule mwili wake.

Wakorea wana jinasi itakayomgusa kila mtahiniwa. Katika lugha yao, kitenzi butda kina maana ya kunata na pia ya kufaulu mtihani. Kwa hiyo, kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanywa kila Novemba, wanafunzi hupewa keki za mchele wa kunata na peremende za kunata. Kwa upande mwingine, supu ya mwani huepukwa siku hiyo, kwa kuwa inateleza, na kuteleza ni kuanguka. Mantiki hii ya kimafumbo si ngeni kwa jamii za Kiafrika, ambamo neno hukwepwa au hutafutwa kwa sababu ya kile linachofanana nacho.

Nchini Vietnam, sikukuu ya Tet haikamiliki bila banh chung, keki ya mraba ya mchele wa kunata, pojo zilizomenywa na nyama ya nguruwe, ambayo hufungwa kwa majani na kuchemshwa kwa saa nyingi. Hekaya yasema kwamba mfalme wa ukoo wa Hung aliwataka wanawe wamletee chakula bora ili amchague mrithi. Lang Lieu, aliyekuwa maskini kuliko ndugu zake, alileta keki mbili za mchele wa kunata, moja ya mraba kuashiria dunia na nyingine ya duara kuashiria mbingu. Akarithi ufalme. Funzo la hekaya hii ni kwamba chakula cha mkulima kina hadhi kuliko nyama adimu za wakwasi.

Wajapani, kwa upande wao, hutwanga wali huu katika kinu hadi punje zipotee na kuwa donge laini liitwalo mochi. Kazi hii huhitaji watu wawili: mmoja hupiga kwa mchi wenye umbo la nyundo, mwingine huligeuza donge kwa mkono uliolowa kati ya pigo na pigo. Asiyefuata mwendo wa mwenziwe huumia. Mochi za mwaka mpya zina hatari yake pia, kwani kila mwaka mamlaka za Japani huwaonya wazee wazikate vipande vidogo ili zisiwakabe kooni. Kwa Waislamu wa Malaysia na Indonesia, lemang iliyotajwa awali ni chakula cha Idi, na huliwa pamoja na rendang, nyama iliyopikwa kwa tui hadi ikakauka.

Hata kuta zimeula mchele huu, ikiwa msemo huo unaruhusiwa. Mafundi wa China ya kale walichanganya chokaa na uji wa mchele wa kunata ili kujengea. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walieleza kwamba ni amilopektini inayodhibiti ukuaji wa fuwele za chokaa na kuufanya mchanganyiko huo kuwa imara. Sehemu za ukuta wa mji wa Nanjing, uliojengwa wakati wa nasaba ya Ming, ni ushahidi uliosimama hadi leo.

6.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kina bahati katika uwanja huu. Hutenga mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa na wali ulioiva. Kimalay hufanya vivyo hivyo kwa padi, beras na nasi, na Kitagalogi kwa palay, bigas na kanin. Kiingereza kina neno moja tu kwa vyote vitatu. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anaweza kuufuata msamiati wa Asia kwa ukaribu ambao mfasiri wa Kiingereza hawezi kuufikia.

Pengo lipo katika mhimili wa pili, ule wa kunata. Kithai kina khao niao, Kivietnamu kina nep kinachopingana na te, Kimalay kina pulut, Kijapani kina mochigome. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Zipo njia nne za kulijaza pengo hilo.

Njia ya kwanza ni kutafsiri jina la Kiingereza ambalo limejengwa juu ya neno la Kilatini lenye maana ya gundi, na kupata "mchele wa gluteni". Njia hii inapotosha. Neno "gluteni" katika Kiswahili cha leo hutaja protini ya ngano. Mgonjwa wa siliaki akisoma jina hilo kwenye paketi ataukwepa mchele ambao ni salama kwake. Kibaya zaidi, akielezwa kwamba "mchele wa gluteni" haudhuru, huenda akadhani kwamba na vyakula vingine vyenye neno hilo havidhuru. Hapa kosa la mfasiri linaweza kumlaza mtu hospitalini.

Njia ya pili ni "mchele gundi". Jina hili ni fupi, lakini gundi si chakula, na istilahi inayomtia mlaji kinyaa haiwezi kukubalika sokoni.

Njia ya tatu ni kukopa neno kama mochigome au pulut. Ukopaji una nafasi yake katika majina ya vyakula mahususi, mathalani mochi au lemang, kama Kiswahili kilivyokopa biriani na chapati. Hata hivyo, kukopa jina la lugha moja kwa mchele unaotumiwa na mataifa mengi ni kuupendelea upande mmoja.

Njia ya nne ni kutumia kitenzi nata. Hapa pana maumbo mawili, "mchele unaonata" na "mchele wa kunata". Umbo la kwanza lina kasoro ya kimantiki, kwani mchele mbichi haunati. Kinachonata ni wali. Tena, "wali unaonata" hueleza tukio, na humkumbusha msikilizaji wali uliomshinda mpishi. Umbo la pili hutumia kihusishi cha a-unganifu pamoja na kitenzi-jina, muundo ambao katika Kiswahili hutaja aina au kazi ya kitu. Kiti cha kukunja huitwa hivyo hata kikiwa kimekunjuliwa, na maji ya kunywa huitwa hivyo yangali mtungini. Vivyo hivyo, mchele wa kunata ni wa kunata hata ukiwa ungali mkavu ndani ya gunia. Umbo hili huungana bila taabu na maneno yote matatu, tukapata mpunga wa kunata, mchele wa kunata na wali wa kunata. Ni wazi, linaeleweka bila maelezo, na halimdanganyi mgonjwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wali wa kunata ni chakula chenye mbegu yake, upishi wake, adabu yake ya mezani na fasihi yake. Kwa Mlao ni mlo wa kila siku, kwa Mkorea ni dua ya mtahiniwa, kwa Mvietnam ni kumbukumbu ya mwana wa mfalme aliyekuwa maskini. Sifa ile ile ambayo jikoni mwa pwani huhesabiwa kuwa dosari, kwingineko ndiyo inayotafutwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaojiandaa kuwa wafasiri, waandishi wa vitabu vya mapishi au wahariri wa maandishi ya paketi za vyakula wana jukumu la kuzingatia tofauti hii. Anayetaja chakula cha watu wengine kwa jina lisilofaa huwanyima heshima wenye chakula hicho, na huweza kumdhuru anayekila. Methali isemayo mchele ni mmoja itabaki kuwa ya kweli katika maana yake ya ndani. Ila mfasiri, kabla ya kuyasifu mapishi, hana budi kwanza kuuliza ni mchele upi.